Vichupa Viwili Kwapani

Wacha niseme mapema, ili mutu asinisifu bure: miye ni muoga. Naogopa simu ikilia alfajiri. Naogopa taxi-moto, zile pikipiki za abiria, zikipita mbio zote upande mumoja. Naogopa hata mbwa wa jirani, na yule mbwa hana meno. Hapa Bunia wananiita Prof Micheline, na wanafunzi nikiwapa mugongo wananiita Mama Mikrobe, juu nafundisha bakteria, na wote wanafikiri mutu aliyesoma miaka mingi namna ile moyo wake ni wa chuma. Chuma wapi! Ungeniona mardi ile, Jumanne ile, pale hospitalini, niliogopa mpaka nikaona haya mbele ya wagonjwa.

Mugonjwa wangu alikuwa Charlotte, mudogo wangu, tumbo moja na miye. Alikimbia vita ya Djugu mwaka uliopita na watoto watatu na sufuria moja, akafikia kwangu Mudzipela, hapa hapa Bunia, na tangu siku ile nyumba yangu ikaanza tena kunukia chakula. Sasa alilala kwenye kitanda cha karibu na dirisha, siku ya tano, midomo imepasuka, mukono umeshika mugongo pale figo zinapokaa. Alitetemeka ndani ya mablanketi mawili, na nje jua lilikuwa kali.

Docteur Blanchard alinivuta pembeni. Huyu kijana nilimufundisha mwaka wa pili. Alikuwa anakaa nyuma kabisa na kusinzia, na miye nilikuwa namurushia chaki. Sasa ndiye alishika maisha ya mudogo wangu, na siku ile hakuwa na usingizi hata kidogo.

"Prof, joto ni trente-neuf na nusu, karibu arobaini. Papa Ephraïm wa labo ameona champignon, kuvu, mu mukojo wake, nyuzi tupu. Nimemuanzisha dawa ya kuvu tangu siku mbili, lakini haifanyi kitu."

"Na ile sindano ya mikrobe, ile kali?"

"Ile inachapa figo, unajua. Na figo zake ziko karibu kufunga. Kama ni kuvu na miye namuchoma ile sindano, nitakuwa nimemumaliza kwa mukono wangu." Alipangusa uso. "Na nikikaa tu hivi, mpaka jioni zitafunga zenyewe. Mashine ya kusafisha damu hapa hatuna. Unionyeshe kama ni mikrobe, Prof, nitamuchoma dakika ile ile."

Mpaka jioni. Na ilikuwa tayari dix heures, saa nne asubuhi. Nilitaka kukaa chini, lakini kiti hakikuwepo, basi nikaenda labo.

Labo ya hospitali ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Papa Ephraïm ameifanyia kazi miaka thelathini na zaidi, na ni yeye aliyenionyesha mikrobe mara ya kwanza, nikiwa msichana wa shule mwenye viatu vya kuazima. Hapa Bunia hakuna mutu anayemubishia Papa Ephraïm juu ya mikroskopi yake. Siku ile jenereta ilikuwa imezimwa kungoja mafuta, étuve, lile sanduku la kupashia mikrobe joto, lilikuwa baridi, na rangi ya kupaka mikrobe ili zijulikane ilikuwa imekwisha, juu camion ya mizigo inayoileta ilikwama njiani wiki tatu. Muzee alikuwa anatazama kwa mwanga wa jua, akiuelekeza kwa kioo, kama zamani.

"Angalia mwenyewe," akaniambia. Sauti yake ilikuwa ya mutu aliyeguswa. "Champignon. Nimeziona kabla weye hujaota meno."

Nikainama. Nikaona nyuzi ndefu, laini, kama tambi, zinaelea. Na hapo, wapendwa, zile nyuzi nilizijua. Niliwahi kuzitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, miaka vingt-deux, ishirini na miwili, karibu kila siku ya kazi.

Acha nieleze, haichukui muda. Mikrobe moja ikitaka kuwa mbili, kwanza inarefuka. Halafu katikati, pale kiunoni, protini zinajipanga mviringo kama pete. Pete inakaza, inakaza, kiuno kinakuwa chembamba, inakatika: sasa ni mbili. Kama imeshiba vizuri inamaliza kazi yote kwa dakika vingt. Miye maisha yangu yote nimetazama ile pete. Niliianza Kinshasa, nikaendelea nayo Liège miaka saba, na baridi yote ile, nikaandika makala kumi na moja juu yake, nikairudisha Bunia ndani ya boksi la barafu lililoyeyuka njiani. Baba yangu, Mungu amupumzishe, aliniuliza kila likizo: "Vikisha kukatika, weye unapata nini?" Nilikuwa nakasirika. Sikuwa na jibu, njo sababu nilikasirika.

Na ukitaka kujua pete inavyofanya kazi, unaizuia. Kuna dawa moja ya kawaida, pharmacie yoyote inauza, kazi yake ni kuzuia ule mukato. Ikiwa nyingi na nzima, mikrobe inapasuka na kufa. Ikiwa kidogo, ao imechoka, haifi. Inarefuka tu, inarefuka, haijikati, inakuwa uzi. Mutu aliyezoea mukojo wa kawaida akiuona ule uzi bila rangi, atasema champignon. Papa Ephraïm hakukosa kitu. Alikosewa.

Ni miye nilimukosea.

Wiki moja nyuma, Charlotte aliamka akitetemeka. Risasi zilisikika usiku ule upande wa barabara, na asubuhi watu walikuwa bado ndani. Nikaogopa kuvuka muji naye kwenye taxi-moto. Nimesema, miye ni muoga. Nikafungua kabati langu, nikatoa vidonge nilivyonunua Kampala zamani kwa ajili ya majaribio, vile vya kufunguka, nusu kijani nusu nyeupe. Tarehe yake ilipita miaka miwili, na vilikaa chini ya bati la moto muda wote ule. Nilijua. Mutu anayefundisha watoto wa watu kwamba dawa iliyokufa ni hatari, alijua! Nikamuambia: kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka viishe, na usiseme kwa mutu, ni vitu vya labo. Charlotte akasema, "Sawa, Yaya," vile tunavyomuita dada mukubwa.

Na tulipofika hospitali, Docteur Blanchard akamuuliza mbele yangu: "Mama, umekunywa dawa yoyote nyumbani?" Charlotte akanitazama. Miye nikatazama dirisha. Niliona haya mbele ya mwanafunzi niliyekuwa namurushia chaki. "Hapana, docteur," Charlotte akajibu.

Lakini siku tano zilipita tangu pale. Dawa ile haikai mwilini siku tano. Kama nyuzi zilikuwa bado ndefu mardi ile, basi... Niliacha mikroskopi nikakimbia, mama wa miaka hamsini na moja na viatu vyake vya kanisani, mpaka kitandani kwa mudogo wangu.

"Charlotte, bado unakunywa vile vidonge?"

Alifungua macho kwa shida. Akavuta pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, pembe ile tunayofunga vitu vidogo, akalegeza fundo. Vilikuwa vitatu.

"Ulisema mpaka viishe," akasema.

Nilichukua kimoja. Nilitaka kulia, nilitaka kumukaripia, nilitaka mutu anikaripie miye. Badala yake nilirudi mbio labo bila kusema neno lingine, na akili haikunijia hata kumuambia aache.

"Papa," nikasema, "miye ni mutoto wako, unisamehe. Nadhani si champignon."

Muzee akavua miwani. Anavua miwani akikasirika, wanafunzi wote wanalijua jambo hilo. "Unadhani. Na ukikosea?"

"Nikikosea, sindano inaua Charlotte."

"Na kama miye nimekosea?"

"Kukosa sindano kunamuua."

Nikamueleza vile tungeweza kujua. Tuchukue mchuzi safi wa kulishia mikrobe, tuugawe ndani ya vichupa viwili. Kila kichupa tone moja la mukojo wa Charlotte. Kimoja tukiache hivyo, bila dawa. Kingine tutie unga wa kidonge. Tungoje deux heures, masaa mawili, kwenye joto la mwili. Kuvu haijali dawa hii: kama ni kuvu, vichupa vyote viwili vitabaki na nyuzi. Kama ni mikrobe, zile zilizopata mchuzi bila dawa zitakumbuka kazi yao. Zitajikata.

"Étuve ni baridi," akasema.

"Najua, Papa."

Akanitazama sana. Halafu akatazama kidonge mukononi mwangu, nusu kijani nusu nyeupe, na nikaona ameelewa yote, kidonge kilitoka wapi na nani alikitoa. Hakuuliza. Akafungua vifungo viwili vya blouse yake, lile koti jeupe la labo.

"Wakati wa vita hapa, deux mille trois, elfu mbili na tatu, hatukuwa na moto wa umeme miezi mitatu," akasema. "Nilibeba vipimo vya hospitali nzima mu kwapa. Bibi yangu wa ndoa alikataa kulala karibu na miye. Leta chenye dawa. Weye beba kile kisicho na dawa."

Basi tukajaza vichupa, tukakaa kwenye benchi la labo, watu wazima wawili, kila mutu na kichupa kwapani, mukono umebanwa. Nilijifunga kikwembe kuzunguka kifua kama mama anayebeba mutoto, lakini fundo lilinilegea mara kwa mara, basi nikawa nabana kwa nguvu zangu tu. Jasho lilinitoka. Niliogopa jasho litatelezesha kichupa. Niliogopa nikibana sana nitakivunja. Niliogopa kuwa nimekosea, na zaidi ya yote niliogopa kuwa nimepata, juu nikipata nitaulizwa dawa ilitoka wapi.

"Pumua, Micheline," Papa Ephraïm akasema. "Ukiendelea kutetemeka hivyo mikrobe zitasikia kizunguzungu."

Nilicheka kidogo. Saa ya ukutani ikaonyesha midi kasoro, karibu saa sita mchana. Tulikuwa tumemaliza muda wa saa moja na robo.

Hapo ndipo tulisikia risasi. Kwanza mbili, upande wa barabara kubwa. Kisha nyingi pamoja. Halafu zile taxi-moto, zote upande mumoja, na sauti ya watu kwamba wanakuja: "Banakuya! Banakuya!" Katika uwanja wa hospitali mama mumoja alipita akimukokota mugonjwa na chupa ya serumu mukononi. Milango iligongwa, watoto walipiga kelele. Ndani ya chumba cha wagonjwa Charlotte alikuwa bila ndugu na miye sikuweza kwenda, juu kutoka nje ni kupita uwanja mutupu. Tuliingia chini ya meza, Papa Ephraïm na miye, tukiwa bado tumebana kwapa zetu. Niliomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa luga ya mama yangu.

Mulango ukafunguliwa kwa teke. Aliingia kijana wa unifomu, bunduki mbele, macho mekundu. Mpaka leo sijui alikuwa wa upande gani, na siku ile sikuuliza.

"Tokeni! Mikono juu!"

Tulitoka. Sasa nisikilize, weye unayesoma: miye, mutu anayeogopa mbwa asiye na meno, niliinua mukono mumoja tu. Wa kushoto. Wa kuume niliubana. Pembeni yangu Papa Ephraïm alifanya vile vile, blouse wazi, mukono mumoja hewani kama mutoto anayetaka kujibu swali.

"Yote miwili!"

"Siwezi, kaka," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Nikiinua huu, mudogo wangu anakufa."

"Unaficha nini hapo?"

"Mukojo," Papa Ephraïm akajibu. "Mukojo wa mugonjwa. Tunaupasha joto. Njoo uone, mutoto wangu, lakini usipige, kuna kioo."

Kijana alisogea. Mudomo wa bunduki ulinigusa pale juu ya ubavu, na kitambaa kikasogezwa, akaona kichupa na jasho langu na nywele za kwapa za mama muzima. Nilifumba macho. Mukojo, huu sasa wangu mwenyewe, ulinishuka muguu mumoja, na nasema hivyo bila kuficha. Lakini mukono haukufunguka. Nikasikia filimbi huko nje, mutu akiita, na viatu vya yule kijana vikakimbia. Nilipofungua macho mulango ulikuwa wazi na hakuna mutu.

Tulikaa chini pale pale sakafuni. Taratibu sauti za nje zikatulia, watu wakaanza kutoka chini ya vitanda. Wengine walisema ni wezi, wengine walisema askari waligombana, wengine ni mambo mengine. Bunia iko hivyo, utaambiwa sababu tano na kesho utapewa ya sita. Papa Ephraïm alitazama saa.

"Bado dakika dix," akasema, na tukangoja zile dakika kumi zote.

Alianza na chake, chenye unga wa kidonge. Akatazama, akanipisha. Nyuzi. Ndefu kuliko asubuhi. Halafu akaweka tone la kichupa changu kwenye kioo, akasogeza kile kioo cha mwanga, akatazama, akatazama. Alisimama tu, akanipa nafasi, akavua miwani.

Nyuzi zilikuwa zimekatika. Uwanja wote wa mikroskopi ulijaa vijiti vifupi, vinene, vyenye kucheza, na kati yao uzi mumoja ulikuwa bado kazini: viuno vitatu juu yake, kila kimoja kimekazwa, na mbele ya macho yangu kile cha mwisho kikaachana. Miaka vingt-deux kila nikiona vile nafurahi kama mutoto. Siku ile nilipiga kelele ya kilio. Nilikuwa nimepata. Na vitu vile vilivyocheza pale, vizima, vyenye nguvu, vinavyoongezeka kila dakika vingt, vilikuwa ndani ya figo za Charlotte.

Blanchard alikuja, akatazama vyote viwili, na kabla hajainuka alishaita muuguzi aandae sindano. Lakini kitandani alisimama, sindano mukononi.

"Kama nyuzi zilitokana na dawa, basi mugonjwa amekunywa dawa. Nataka kujua ni ipi na ngapi, nisije nikachanganya vibaya. Mama Charlotte, uliniambia hapana."

Chumba kizima kilisikiliza. Baada ya risasi watu hawana kitu kingine cha kusikiliza. Charlotte alifungua macho, akanitafuta, akanipata.

"Nilinunua peke yangu ku pharmacie, docteur," akasema polepole. "Yaya hajui kitu."

Alikuwa anakufa, na alikuwa ananificha. Niliona mulango ambao ningeweza kupita, umefunguliwa vizuri kabisa na mudogo wangu, na Mungu anajua niliutazama. Nilikuwa na woga kuliko pale mbele ya bunduki.

"Anasema uongo," nikasema. "Ni miye. Nilimupa vidonge vya labo vilivyokufa, kimoja asubuhi, kimoja jioni, nikamuambia anyamaze. Ulipomuuliza nilikuwa hapa, na nilinyamaza."

Blanchard alinitazama muda mufupi, vile miye nilivyokuwa nikimutazama kabla ya kurusha chaki. Halafu akainama, akamuchoma mudogo wangu.

Figo hazikufunga. Jioni ile zilitoa kidogo, asubuhi zaidi. Jeudi, siku mbili baadaye, joto lilishuka, likapanda, likashuka tena. Kesho yake, vendredi asubuhi, Charlotte aliomba sombe, majani ya muhogo, na aliponusa ile niliyopika akasema imeungua, na kweli iliungua. Hapo nikajua amerudi.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba samahani, mengi, niliyarudia njia nzima juu ya taxi-moto. Sikufika hata la kwanza. Charlotte alivuta pembe ya kikwembe chake, akalegeza fundo, akanyoosha kiganja. Vidonge viwili, nusu kijani nusu nyeupe.

"Yaya," akasema, "hivi vilibaki. Ulipochukua kimoja hukuniambia kitu. Nivinywe?"

Hakuwa ananichokoza. Nilimutazama usoni nikitafuta mzaha, na haukuwepo. Nikafunga kiganja chake ndani ya changu, nikamuambia hapana, tafadhali, hapana.

"Sawa, Yaya," akasema, kama siku ile nilipomupa.